Telegramu ya Newala Iliyoandikwa Vizuri Mno

Neema, na nyie wenzake mliojazana sebuleni kwangu Jumapili ile mkigombea simu moja, nimeona niwaandikie. Siku ile mlikuwa mnacheka sana, sikupata nafasi ya kumaliza nilichoanza kusema.

Mlikuwa mnabishana kuhusu kijana mmoja aliyeingia kwenye grupu lenu la mtaa. Neema alisema ni mtu. Wengine mkasema hapana, hiyo ni akili mnemba, mashine inayoandika kama mtu, kwa sababu hakosei hata herufi moja, anaweka nukta na mkato kila panapostahili, na hata akitukanwa anajibu kwa adabu. Mkanipa simu. "Babu, wewe ulikuwa posta miaka yote hiyo. Huyu mtu au mashine?" Nikavaa miwani, nikasoma mara mbili, nikasema sijui. Mmoja wenu akasema, "Babu kachemka." Na kabla chai haijaisha mlikuwa mmeshamtoa kwenye grupu.

Sawa, nilichemka. Ila hiyo "sijui" niliyowaambia si ya uzee. Niliipata kazini, na nusura mtu mwingine ndiye ailipie. Ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Mimi nilikuwa karani wa telegramu, kwenye ofisi ndogo ya posta hapo Kariakoo, karibu na Mtaa wa Mkunguni. Telegramu ni ujumbe mfupi uliokuwa unasafiri kwa waya. Mtu anakuja dirishani, anaandika maneno yake kwenye fomu kwa herufi kubwa, analipia kila neno, na mimi nazigonga herufi zile kwenye kidude cha shaba kilichofungwa mezani. Mlio mfupi ni nukta, mlio mrefu ni mstari, na kila herufi ina nukta na mistari yake. Mwisho wa waya, Newala, Tunduru, Kilwa, mwenzangu anasikiliza, anaandika, tarishi anapanda baiskeli anaipeleka. Mnaona basi kwamba kuongea na mtu usiyemwona, kwa maandishi matupu, hamkuanza nyie.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mbaraka, mtu wa Bagamoyo, mkuu wa chumba cha telegramu. Kofia yake ya viua haikuwahi kukaa upande, na alikuwa na tabia ya kusikiliza waya amefumba macho huku anamenya chungwa. Wageni walidhani amelala. Siku moja, nikiwa sina hata miezi miwili kazini, waya wa Tunduru ukaanza kulia. Mzee Mbaraka akaacha kumenya.

"Huyo si Haule," akasema.

Haule ndiye alikuwa karani wa Tunduru. Nikamwambia, "Mzee, ujumbe umeanza na jina la Haule."

"Jina ni la Haule, mkono si wake. Haule mstari wake ni mrefu, anauvuta kama anavuta ng'ombe. Huyo anadonoa kama kuku. Muulize ni nani."

Nikagonga: NANI HAPO? Waya ukanyamaza kidogo. Kisha ukaja, taratibu, kwa kudonoadonoa: SAMAHANI MZEE. NI MKE WAKE. BWANA ANA HOMA.

Mwanamke yule alikuwa amejifunza kwa kumwangalia mumewe kila siku, akaona afadhali akae yeye kitini kuliko ofisi ifungwe. Mzee Mbaraka hakumkaripia. Alimwambia agonge polepole zaidi na ampe mgonjwa uji wa pilipili manga. Mimi nikabaki nimeshika kalamu nashangaa. Kwangu milio yote ilikuwa sawa. Kwake kila mlio ulikuwa na mwenyewe.

Msidhani nami nilikuwa hodari upesi. Mwaka wa kwanza nilipokea telegramu ya familia moja ya Mtaa wa Sikukuu. Babu yao alikuwa mgonjwa Lindi, na karani wa Lindi akagonga: BABU AMEPONA. Nje alikuwa anapita mtu na mkokoteni wa mabati, kelele tupu, herufi moja ikanipita. N tu, mstari mmoja na nukta moja. Nikaandika: BABU AMEPOA. Tarishi akapeleka.

Sasa nyie mngesoma "amepoa" mngesema babu yuko poa. Wenyewe walisoma kwamba babu amekuwa wa baridi. Saa ile ile wakaangua kilio, magodoro yakatolewa nje, majirani wakaleta turubai, na mwenyekiti wa nyumba kumi akaanza kupitisha daftari la rambirambi. Jioni ikaja telegramu ya pili kutoka Lindi: BABU ANAULIZA MBONA KIMYA. Mzee Mbaraka alinishika mkono tukaenda wote kuomba radhi. Mwenye nyumba alitutazama, akatazama sufuria la pilau lililokuwa limeshaiva, akasema, "Kaeni mle. Hatuwezi kulimwaga." Tukala matanga ya mtu mzima wa afya. Njiani kurudi Mzee Mbaraka aliniambia neno moja tu: "Ukitilia shaka, uliza. Waya unakwenda pande zote mbili."

Nililisikia, ila halikuniingia.

Baadaye ikaja mashine ya kuchapa kwa waya. Unabonyeza herufi hapa, inajichapa yenyewe Mwanza au Tanga. Haraka, safi, hakuna N inayopotea. Wote tulifurahi isipokuwa Mzee Mbaraka. Alisimama mbele yake siku ya kwanza, akaangalia karatasi inavyotoka, akasema, "Wote wana mkono mmoja." Ofisi ndogo za kusini ziliendelea na kidude cha kugonga miaka mingine kadhaa, lakini kwa miji mikubwa mkono uliisha. Kama ulitaka kumjua mtu ilibidi umtafute kwenye maneno yenyewe.

Hapo ndipo mimi nikajiona nimepata uwanja wangu. Maana zama zile kulikuwa na ugonjwa mmoja mjini: telegramu za kupika. Mtu anataka ruhusa kazini, hapati. Anamwandikia rafiki yake kijijini, rafiki anapiga telegramu: BABA AMEFARIKI NJOO HARAKA. Anaipeleka kwa mkubwa wake, anapewa siku saba, anakwenda kuoa. Kuna dereva mmoja tuliyemzoea, alifiwa na babu mara tatu kabla mwaka haujaisha. Mara ya tatu Mzee Mbaraka alimpa karatasi yake dirishani kwa mikono miwili, akamwuliza kwa heshima zote, "Pole sana mwanangu. Huyu sasa ni babu wa upande gani?" Dereva akafikiri. "Wa katikati," akajibu.

Nikaanza kuzisoma kwa makini, na nikagundua jambo. Za kupika zilikuwa safi. Kilio cha maneno manne, hakuna kilichozidi. Za kweli zilikuwa na uchafu wa maisha. Mama mmoja aliyekuwa anauza dagaa sokoni aliletewa hii, bado naikumbuka: BABA AMETUTOKA ASUBUHI. NJOO. MBUZI AMEZAA WAWILI. Nani angepika uongo akalipia mbuzi? Mtu mwenye msiba anasema lililo mbele ya macho yake, na mbuzi alikuwa mbele ya macho yao. Nikaanza kumwambia kila mtu ofisini: tafuta mbuzi. Pasipo na mbuzi, hapana mtu.

Na nilikuwa napatia. Hilo ndilo lililoniharibu. Nilipatia mara nyingi mpaka sifa zikatoka nje ya ofisi.

Sasa kulikuwa na karakana moja ya samani upande wa Gerezani, na afisa utumishi wake aliitwa Ndugu Mosha, mtu wa Moshi, mnyoofu, suti yake ya mikono mifupi imepigwa pasi kama ya kwendea kanisani. Alikuwa amechoshwa na misiba ya mafundi wake. Akaanza kupita dirishani kwangu akiwa na telegramu mfukoni. Ananionyesha, ananong'ona, "Ndugu Hassani, hii vipi?" Nami nanong'ona, "Hii ya kweli," au "Hii imepikwa." Nilikuwa nimekula kiapo cha kutunza siri za watu siku niliyoajiriwa. Nikajidanganya kwamba kwa kuwa karatasi anayo yeye, siri haipo tena. Mzee Mbaraka hakujua.

Siku hiyo ilikuwa masika, mvua imekesha, Kariakoo yote maji ya magoti. Ndugu Mosha akaingia na mwavuli unaochuruzika, akatoa karatasi. Naifahamu, niliipokea mwenyewe jana yake kutoka Newala. Ilikuwa ya fundi randa wake mmoja, Selemani Nampoto. Ilisema hivi:

NDUGU SELEMANI. UNAARIFIWA KUWA HALI YA MAMA YAKO MZAZI SI YA KURIDHISHA. UNAOMBWA KUFIKA BILA KUKOSA. ASANTE KWA USHIRIKIANO WAKO.

"Unasemaje?" Mosha akauliza.

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Ndugu Mosha, mtu gani anamshukuru mtoto kwa ushirikiano wakati mama yake anaumwa? Hili ni tangazo la mkutano. Limepikwa, tena na mpishi mvivu."

"Nilijua," akasema. Akaikunja, akafungua mwavuli wake, akaondoka.

Nilirudi kwenye kiti nimeridhika. Nilikunywa hata soda.

Kesho yake asubuhi akaja dirishani mtu mrefu, mwembamba, nywele zimejaa vumbi la mbao. Hakunisalimia vizuri, macho yake yalikuwa kwenye fomu. Akaandika kwa shida, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa shule. Aliponipa nikasoma jina la mtumaji. Selemani Nampoto.

Ameandika: HALIMA. NIMENYIMWA RUHUSA. MWAMBIE MAMA ANISUBIRI. MWAMBIE KHANGA NIMEPATA ILE YA KOROSHO SI ILE YA MKUNGU.

Enzi hizo khanga ilikuwa haipatikani hovyo. Ulipanga foleni, ukifika mbele unapewa iliyopo, huchagui. Mtu aliyepata ile yenye mchoro wa korosho alikuwa amepanga foleni zaidi ya moja. Nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Ndugu, maneno ya khanga unaweza kuyapunguza. Kila neno unalipia."

"Usiyapunguze," akasema. "Aliniagiza ya korosho. Akisikia nimepata ya korosho atangoja."

Nilimwangalia. Huyu hakuwa anapika kitu. Nikamwuliza, "Telegramu ya kwanza, kutoka kwenu, nani aliiandika?"

"Mwalimu wa elimu ya watu wazima, kijijini kwetu. Halima dada yangu ndiyo kwanza yuko darasani, hajafika kwenye barua. Mwalimu akiandika anaandika vizuri sana." Akaanza kuhesabu sarafu za kulipia. "Bosi wangu anasema imeandikwa vizuri mno. Anasema ameuliza wataalamu."

Wataalamu. Alikuwa amesimama mbele ya mtaalamu mwenyewe na hajui.

Nikapokea fomu yake, nikamwambia arudi kazini, itaondoka sasa hivi. Nikaigonga saa ile ile, kisha nikaenda kwa Mzee Mbaraka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuomba radhi siku ya babu wa Lindi. Nikamweleza yote, Mosha, minong'ono, mbuzi, ushirikiano. Alisikiliza bila kufumba macho, na hilo lilinitisha.

"Nandonde ndiye aliyeigonga?" akauliza. Nandonde alikuwa karani wa Newala, tulizungumza naye kila siku kwa miaka bila kuonana uso.

"Ndiye."

"Mkono wake ulikuwaje?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimeusikia na nikaupuuza kwa kuwa nilishajiona msomaji wa maneno. "Ulikuwa mzito, mzee. Alisimama mara mbili katikati."

"Ukamwambia Mosha kwamba Nandonde alisimama mara mbili?"

"Sikumwambia."

Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti changu, akavuta kidude cha shaba, akaita Newala mwenyewe. Akagonga: NANDONDE. MBARAKA HAPA. MAMA WA SELEMANI NAMPOTO. UMEMWONA?

Jibu likaja polepole, nami nikaliandika herufi kwa herufi: NIMEMWONA. ALIPITISHWA HAPA JUZI KWA MACHELA KWENDA HOSPITALI. ALIWASIMAMISHA MLANGONI. ALIULIZA KAMA WAYA UNAFIKA KWA SELE.

Mzee Mbaraka akasimama, akachukua kofia yake. "Twende Gerezani," akasema.

Tulikwenda kwa miguu ndani ya matope, suruali tumekunja. Ndugu Mosha alikuwa mezani kwake. Mzee Mbaraka hakumpa muda wa kusimama. Akamwekea ile karatasi ya Nandonde mbele, akaniambia, "Sema." Nikasema. Kwamba nilikosea, kwamba haikuwa haki yangu kusema kitu tangu mwanzo, kwamba barua safi inaweza kuandikwa na mwalimu kwa niaba ya ndugu asiyejua kalamu.

Mosha alisoma karatasi mpaka mwisho. "Mimi ndiye niliyekuuliza," akasema. "Nilikuwa na mtu mwenyewe hapa ndani, hatua ishirini kutoka mezani kwangu, nikaenda kumwuliza mtu wa dirishani." Akatoka akiita jina la Selemani kabla hajafika mlangoni.

Barabara ya kusini ilikuwa imekatika, Rufiji imefurika. Njia iliyobaki ni meli ya Mtwara, na siku ile ilikuwa inaondoka saa tisa alasiri. Ilikuwa saa saba na robo. Mosha aliandika ruhusa amesimama, akamkabidhi Selemani, akamwambia atampeleka bandarini kwa gari la karakana. Selemani alikuwa anavua aproni, haelewi kwa nini dunia imegeuka ghafla. Sikutaka aondoke bila kujua. Nikamshika bega pale getini.

"Ndugu Selemani. Huyo mtaalamu aliyesema telegramu yako ya uongo, ni mimi."

Alinitazama. Mvua ilikuwa inamshukia usoni, hata hakupangusa.

"Nikirudi tutaongea," akasema. Akapanda gari.

Siku zilizofuata sikuwa na raha. Meli hadi Mtwara, kisha lori la kupanda nalo mpaka Newala, kama lori litapita. Kila waya wa Newala ulipolia niliacha kazi niliyoshika. Nandonde alijua, akawa anaanza kila asubuhi na neno moja kabla ya kazi: BADO. Siku ya saba hakuligonga. Aligonga telegramu kamili, kwa Ndugu Mosha, nakala kwetu: NIMEFIKA. MAMA ANAKULA UJI. ANALALAMIKA UJI HAUNA CHUMVI. SELE.

Mzee Mbaraka alikuwa ameshika chungwa. Alilimenya lote, akanipa nusu. Hakuwahi kufanya hivyo kabla.

Ndugu Mosha hakuja tena kunong'ona. Aliweka utaratibu wake mpya: mtu akileta telegramu ya msiba, anamwita ndani, anamfungia mlango, anamwambia, "Nieleze kuhusu mzee." Basi. Aliniambia baadaye kwamba waongo walichoka dakika ya tatu, na wa kweli walikuwa hawanyamazi. Kuna mmoja alimweleza habari za shangazi yake mpaka chakula cha mchana kikapita, na Mosha akajikuta anamlilia shangazi wa watu.

Selemani alirudi baada ya mwezi. Akaja dirishani. Nikatoka nje nimfuate, sikutaka tuwe na kioo katikati.

"Kwenye meli nilikuwa napanga nikupige wapi," akasema. "Siku nzima ya kwanza. Nikaamua tumboni."

"Haki yako," nikasema.

"Kisha nimefika, mwalimu akanionyesha nakala aliyoiandika. Ameihifadhi. Anaisoma kwa sauti, watu wanasikiliza. Anajivunia lile la ushirikiano kuliko yote." Mdomo wake ukaanza kucheza. "Hata mimi, siku nilipoipata, nilidhani ni mkutano wa kijiji."

Tukacheka, yeye kwanza, mimi baadaye, mimi kwa woga bado. Kisha akanyoosha kidole karibu na kifua changu. "Lakini siku nyingine, uniulize mimi."

Ndicho nilichotaka kuwaambia Jumapili ile, Neema. Yule kijana mliyemtoa, kuna aliyemwuliza? Si kumwuliza "wewe mashine?" Hilo hata mashine inalijibu. Kumwuliza habari ya kwao, anakaa upande gani, kwa nini jana hakuonekana, na kisha kungoja naye akuulize wewe. Mimi najua mbinu zangu zimezeeka. Mkiniambia mashine za siku hizi zinaweza kutia hata mbuzi aliyezaa wawili, nawaamini. Na mnaweza kukuta mtu wa kweli kabisa anaandika kama tangazo la ofisi, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kuonyesha heshima, au ana haya, au amemwomba mwenye kalamu nzuri amsaidie. Maneno yakiwa safi, hayo ni maneno tu. Ikiwa jambo ni zito, tafuteni aliyemwona mtu kwa macho. Pigeni simu msikie sauti. Nendeni. Na mkishindwa yote, semeni hamjui, hata mkichekwa.

Nimebakiza kipande kimoja, na hiki ndicho ninachokipenda.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya korosho, Selemani aliingia ofisini akiwa ameongozana na mama mfupi, mweusi wa kung'aa, anatembea na mkongojo na anatazama kila kitu kana kwamba anakikagua. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Selemani akasema, "Mama, huyu ndiye aliyesema wewe ni wa uongo."

Nilitamani meza inimeze. Mama akasogea dirishani, akaingiza mkono wake wote kwenye kile kitundu cha kupitishia fomu, akauweka juu ya kaunta. "Shika," akaniambia. Nikaushika. Ulikuwa mgumu wa jembe, wa moto. "Haya, mimi wa uongo?"

"Hapana mama. Nisamehe sana."

"Nilishakusamehe, kijana wangu alinieleza. Sasa andika. Nataka kumpelekea Halima habari."

Nikachukua fomu, nikajiandaa kuifupisha kama tulivyozoea kuwafupishia watu. Akaanza: "Halima, nimefika. Mji una kelele. Kuku mwekundu asichinjwe, nilishasema. Sele amenenepa. Mlango wa jiko ufunge kwa kamba, usiufunge kwa msumari. Mimi mzima. Kuku mwekundu, narudia."

"Mama," nikamwambia, "hilo la kuku tumeshaliandika. Na hapa kila neno linalipiwa."

"Naongea na mwanangu au naongea na wewe?"

Selemani alikuwa anatazama dari. Nikaandika vyote kama alivyosema, kuku mara mbili. Nikageuka, nikavuta kidude changu, nikaita Newala, nikagonga kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupunguza hata herufi. Nilipomaliza nikangoja Nandonde athibitishe kwamba amepokea, kama kawaida ya kazi.

Alikawia kidogo. Kisha, bila kuulizwa, akagonga maneno matatu: HUYO NI YEYE.